Kopo Halirudi Tupu

Mtungi ukizimika haupigi kelele. Taa inafifia, mwenye nyumba anaigongagonga akidhani kasoro ni ya taa, kesho yake inafifia zaidi, na hapo ndipo anapokumbuka kwenda nyuma ya jiko kufungua kifuniko. Akifungua anakutana na harufu. Tope lililo hai linanuka zizi na udongo uliolowa. Lililokufa linanuka yai viza. Nimelinusa hilo la pili mara nyingi kuliko ninavyopenda, na mtu akikwambia amelizoea, ujue pua yake imeshastaafu.

Asubuhi hiyo kitongoji kizima cha Busyango kilinuka yai.

"Karibu, mkaguzi," alisema Bwana Lwitiko, mwenyekiti wa kitongoji, akinipokea mkoba. "Tungekukaribisha chai, lakini birika ni la umeme."

Sijui kama alikuwa anatania. Lwitiko anasema kila kitu kwa uso wa msibani, hata habari za harusi.

Mimi ni Tumpe Mwakalobo, mkaguzi wa mitungi wa kata ya Ilolelo, huku milimani Rungwe. Watu hudhani natengeneza umeme. Umeme unatengenezwa na vijidudu. Mimi naviangalia afya tu, kama bwana mifugo, isipokuwa mifugo yangu haionekani kwa macho na haijui asante. Tangu mabwawa makubwa yakauke na nguzo za umeme zigeuzwe vigingi vya kufungia ng'ombe, kila nyumba huku ina mtungi wake, wa udongo, mkubwa kama pipa, unaolishwa samadi, maji ya vyombo na maganda ya ndizi. Vijidudu vinakula, na katika kula kwao vinadondosha umeme kidogo kidogo, kama mtu anayekula karanga njiani akidondosha maganda. Sisi tunaokota maganda.

Nilifungua mtungi mmoja baada ya mwingine. Yote yai. Chakula kilikuwepo, nyaya zilikuwa safi, masizi yalikuwa mapya, yamepakwa vizuri ubavuni bila ufa.

"Masizi ya nani haya?"

"Ya nani tena? Ya Bibi Atuganile. Msimu huu tumepaka wote."

Inabidi nieleze masizi, maana bila masizi hakuna kesi. Umeme ukitoka kwenye tope unataka pa kwenda, na unakokwenda ni kwenye oksijeni, iliyo hewani upande wa nje wa mtungi. Tatizo ni kwamba oksijeni ni mvivu. Unaweza kuiletea umeme mpaka mlangoni na isinyanyuke. Inahitaji mshenga, kitu cha kuongea na huku na kuongea na kule mpaka wawili wakubaliane, na mambo yakiisha chenyewe kinabaki kilivyokuwa, hakijaoa wala kuolewa. Wataalamu wanakiita kichocheo. Zamani mshenga huyo alikuwa platinamu, kwa hiyo mitungi ilikuwa ya hospitali na ya wakubwa. Baadaye ikagundulika kwamba hata kaboni inaiweza kazi hiyo, mradi iwe na nitrojeni ndani yake na matundu mengi, madogo mno, tundu ndani ya tundu. Huku kwetu kaboni hiyo inatokana na mifupa ya ng'ombe na maganda ya ndizi, vinachomwa ndani ya chungu kilichozibwa kwa udongo ili hewa isiingie, kisha vinalowekwa kwenye siki mpaka chokaa ya mifupa itoke na kuacha nafasi. Kinachobaki ni masizi. Kwa masizi hayo masikini akapata taa. Hilo ni jambo kubwa na sitaki mtu alisahau katika haya ninayosimulia.

Kwenye rafu ya jiko la Lwitiko palikuwa na kopo la masizi lililokwisha. Lilikuwa limeoshwa likang'aa. Ndani, chini kabisa, mtu alikuwa ametia kijiko cha tope bichi.

"Hili ni nini?"

"Salamu," alisema Lwitiko. Aliponiona sijaelewa aliongea taratibu, kama anavyoongea na watu wa mjini. "Kopo likija kutoka kwa Bibi, linakuja na kijiko cha tope la mtungi wake juu ya masizi. Likirudi, linarudi na kijiko cha tope letu. Mtungi unausalimia mtungi. Au ulitaka nimrudishie mtu mzima yule kopo tupu? Mimi nimelelewa."

"Lakini tope hili limekufa, mwenyekiti."

"Ndiyo salamu iliyopo," alisema. "Mkono mtupu haulambwi."

Kwenye mafunzo yetu hakuna somo linaloitwa salamu. Hata hivyo sikuicheka desturi hiyo, maana ilikuwa na akili ndani yake. Tope la mtungi wenye nguvu ukilitia kwenye mtungi dhaifu, dhaifu unaamka. Watu waliliona hilo wakalifanya adabu, na adabu ikasambaa kata nzima pamoja na makopo. Kila kopo lilianzia mahali pamoja na kurudi pale pale. Nikaomba njia ya mkato ya kwenda Ilolelo kijijini, kwa Bibi Atuganile.

*

Kwa Bibi Atuganile kulikuwa na mitungi mitatu, na yote ilikuwa hai. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Kila alikopeleka salamu kulikuwa na giza, na yeye anawaka.

Nilimkuta uani anachekecha masizi, amejifunga kanga puani, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake, kwenye dirisha lililokuwa wazi, ilisikika mashine. Fuu, ikatulia. Fuu, ikatulia. Ilikuwa mashine ya oksijeni ya mumewe, Mzee Nsajigwa. Miaka ya mwanzo, kabla watu hawajajua kujifunga pua, yeye ndiye aliyetwanga masizi kwenye kinu, na vumbi likamwingia mapafuni likakaa. Sasa, bila mashine hiyo, aliweza kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, na akirudi midomo imebadilika rangi. Mitungi mitatu yote ilikuwa kwa ajili yake. Taa za nyumba zilitumia masalio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikagua au kunisalimia?"

"Kukukagua."

"Basi kula kwanza, mkaguzi mwenye njaa ana hasira."

Kwa Bibi Atuganile unakula, hilo halina mjadala. Nilikula ndizi na maharage, nikanawa, nikamwomba kijiko cha tope.

Jaribio lenyewe ni la kitoto. Nilikuwa na chupa mbili za tope safi kutoka ofisini, kila moja na taa ndogo juu yake. Moja niliiacha ilivyo. Nyingine niliitia kijiko cha tope la Bibi. Nikaziweka barazani, nikalala kwao. Kulipokucha ya kwanza ilikuwa inawaka. Ya pili ilikuwa imezimika, na nilipoifungua ilinuka yai.

Bibi Atuganile aliichukua ile ya pili, akainusa, akairudisha mahali pake taratibu.

"Tope langu lina nini?"

"Virusi. Haviwadhuru watu, vinakula vijidudu. Vijidudu vyako vimevizoea, vinaishi navyo nyumba moja. Vya wenzako havijavizoea. Vikipata salamu yako vinakufa."

"Lakini masizi yangu yanapita motoni."

"Yakitoka motoni ni safi. Tatizo ni yakishagusana na tope. Yale matundu yanayoyafanya yawe mazuri, virusi vinajificha humo. Hata mtu akimwaga tope lote akaweka jingine, vinamsubiri ukutani. Platinamu ilikuwa ghali, lakini haikuwa na pa kujificha."

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaua."

"Mitungi, bibi. Hujaua mtu."

"Mitungi ya watu," alisema.

*

Kanuni haina maneno mengi. Mtungi unaobeba ugonjwa unamwagiwa klorini, masizi yake yanabanduliwa na kurudishwa motoni, unaanzishwa upya kwa mbegu, yaani tope safi la ofisi. Mbegu inahitaji mwezi na nusu mpaka iwake sawasawa. Tena ni lazima mitungi yote ya ua mmoja iuawe kwa pamoja, maana ukibakiza mmoja utaambukiza ile mipya. Wa jirani hauazimwi, kwa sababu ukiusogeza tope linatibuka na linagoma mpaka litulie. Kata nzima ilikuwa na betri kubwa moja tu, na ilikuwa zahanati, imeshikilia friji la chanjo tangu mtungi wa pale uzimike. Hospitali ya bondeni niliwapigia simu. Hawakuwa na kitanda wala chupa ya oksijeni ya kutoa, na Mzee mwenyewe alishasema siku nyingi kwamba hafii kwenye korido.

Basi hesabu ilikuwa hivi. Nikiiua mitungi, nimemnyima mtu pumzi. Nikiiacha, kuna chanzo cha ugonjwa katikati ya kata, na mlinzi wake ni mwanamke ambaye hajawahi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu.

Nikatafuta njia ya katikati. Kila mtu huipenda njia ya katikati, mimi pia.

"Bibi, mitungi yako nitaiacha," nilimwambia tukiwa barazani. "Lakini uniahidi. Makopo yatoke na masizi peke yake. Tope lisitoke hapa, kwa mtu yeyote."

"Hata kwa Ikupa?"

Ikupa ni binti yao, muuguzi wa ile zahanati.

"Ikupa hasa. Yeye akilipeleka zahanati tumekwisha."

Alijipangusa mikono kwenye kanga, ingawa kanga nayo ilikuwa nyeusi. "Watasema nimewanyima."

"Watasema."

"Watasema Atuganile ana mitungi mitatu inayowaka, kijiko kimoja cha tope kimemshinda."

"Nitawaeleza mimi."

"Utawaeleza nini, kwamba kilicho hai ndicho kinachoua? Mwanangu, mimi nimeona kwa macho yangu na bado sijaamini vizuri."

Mashine ilikuwa inaendelea dirishani juu ya vichwa vyetu. Aliisikiliza kidogo.

"Naahidi," alisema, akanipa mkono. Nilirudi ofisini na kiganja cheusi.

*

Walikuja, kama alivyosema. Mtu wa huku mtungi wake ukizimika hafikirii ofisi, anamfikiria jirani ambaye wake unawaka. Wiki zile nilikuwa napita Ilolelo mara kwa mara na mengine niliyaona mwenyewe.

"Kijiko tu, bibi. Cha chai, sio cha kupakulia."

"Sina, mwanangu."

"Huna na wakati nasikia mashine inalia?"

Nikiwepo nilieleza. Nilieleza virusi, nikaeleza matundu, nikaonyesha chupa zangu. Walinisikiliza kwa heshima, wakaitikia kwa vichwa, kisha wakamgeukia Bibi na kuomba tena. Mama mmoja waliyeimba naye kwaya miaka mingi alisimama pale na kopo lake mpaka akachoka, akasema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," akaondoka bila kuaga. Bibi Atuganile aliingia ndani. Nilimsikia akimwambia mumewe kwamba ni mama wa kwaya, kapita kumsalimia.

Ikupa alikuja akiwa na sare ya kazi. Sikupenda kumwona vile, maana ni mwanamke mchangamfu na siku hiyo hakutaka hata kukaa.

"Mama, betri inaisha. Mbegu ya dada Tumpe imeanza kuwaka, lakini ni kama kibatari. Friji halishiki ubaridi. Nipe kidogo cha kuisukuma."

"Nimeahidi, Ikupa."

"Umemwahidi mkaguzi. Mimi nina watoto wa kliniki."

Nilimwambia afungue friji mara moja tu kwa siku, avumilie. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye nguo alizoanika, akaondoka.

Nilimwonea huruma Bibi. Alikuwa amekonda. Makopo ya masizi yalijipanga kwenye rafu bila wa kuyachukua, na kanisani benchi alilokaa lilibaki na nafasi pande zote mbili. Hata hivyo ahadi ilishika. Busyango wakaanza kuwaka kwa mbegu safi, nyumba moja, kisha ya pili, kisha mtaa mzima. Lwitiko alinipigia simu kunijulisha kwamba birika limechemka. Aliitoa taarifa hiyo kama tanzia.

Nilianza kujisifu kimoyomoyo. Kisha mtungi wa zahanati ukanuka yai.

*

Ikupa alizitoa chanjo zote mwenyewe, akaziharibu kama inavyotakiwa. Nililipima tope. Halikuwa na mjadala, lilikuwa na virusi vya Ilolelo. Tuliongozana mpaka kwao, yeye akabaki getini akitazama chini.

"Bibi, uliniahidi," nilisema.

"Na nimetimiza."

"Tope la zahanati nimelipima. Ni la hapa."

"Mimi sijampa mtu kitu." Hakupandisha sauti. "Nimewafukuza watu mpaka nimebaki peke yangu, na bado unakuja kuniambia nimetoa?"

"Mkaguzi," sauti ilitoka dirishani. "Ingia ndani. Mwache mke wangu."

Nilikuwa nimekula katika nyumba ile na kulala katika nyumba ile, na sikuwahi kuingia kwenye chumba hicho. Kilikuwa safi. Mzee Nsajigwa alikuwa ameegemea mito, mwembamba, amenyolewa vizuri, mpira wa oksijeni puani. Dirisha lake lilikuwa hatua chache kutoka kitandani, na mtungi wa kwanza ulikuwa chini yake tu, kwa nje.

"Nilimpa mimi," alisema. Alikuwa anaongea kwa vipande, akisubiri mashine impe kipande kingine. "Mama yake alikuwa ibadani. Alisimama hapo dirishani analia. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, analia kama alivyokuwa analia akiwa na miaka minne. Nikafungua kifuniko. Nikamchotea kwa kikombe changu cha dawa."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

"Baba, ulijua kuna ahadi."

"Niliisikia. Nilikuwa hapa hapa. Mliahidiana ninyi wawili, hapo barazani. Pumzi mliyokuwa mnaipangia ni yangu, na hakuna aliyesogea hata hatua moja kuja kuniuliza."

Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya haki.

"Ningekuuliza, ungesemaje?"

"Ningesema iue." Alisubiri mashine. "Nimelala hapa nasikiliza watu wanafukuzwa kwangu. Nawajua kwa sauti. Yule mama wa kwaya, baba yake ndiye aliyenisaidia kuezeka nyumba hii. Mke wangu anawafukuza kwa ajili yangu, halafu anaingia humu ananiambia walipita kunisalimia. Kila siku naletewa salamu za watu tuliowanyima."

Bibi Atuganile alikuwa amesimama mlangoni. "Nsajigwa, usiseme hivyo."

"Nimeshasema, mke wangu. Wewe unaweza kuahidi. Mimi siwezi. Mtu akisimama tena hapo dirishani nitampa tena. Najijua."

Nilimwambia naweza kutia kufuli kwenye vifuniko.

"Na ufunguo utampa nani? Ni lazima mitungi ilishwe. Utampa yeye. Utamfanya askari wa pumzi yangu mpaka nife, na watu wote wanapita wanamwona ameshika ufunguo." Alifumba macho. "Nilipotwanga masizi yale, mkaguzi, nilikuwa nafurahi. Kila kopo nililojaza, nilijua kuna nyumba inapata taa. Sasa mimi ndiye ninayeizima. Fanya kazi yako."

Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti. Kanuni inasema chanzo kiuawe. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyeunganishwa na mtungi. Aliyeiandika alikuwa anafikiria taa. Nikipokea neno la Mzee, nitakuwa nimemheshimu na nitakuwa nimemuua. Nikilikataa, nitakuwa nimeamua tena juu ya pumzi yake bila yeye, na mara hii akiwa ameshasema. Nilipiga tena simu hospitali. Jibu lile lile. Nikampigia mkubwa wangu, akasema ana imani na uamuzi wangu, akakata simu haraka.

Ikupa alikuja kukaa kando yangu. "Dada Tumpe, ni mimi niliyelichukua," alisema. "Usimpe adhabu yeye."

"Sio adhabu. Ameomba."

"Najua ameomba. Nilikuwa nasikiliza." Alilia, nami sikujua pa kuweka mikono yangu.

*

Niliimwaga klorini mwenyewe. Ikupa alijitolea, nikamkatalia. Kuna kazi ambazo mtu hapaswi kumfanyia baba yake. Nilianza na mtungi ulio chini ya dirisha. Mzee Nsajigwa alinitazama kutoka ndani nikimimina, mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Ni asante, asante sana. Sijawahi kushukuriwa kwa neno lililoniuma vile.

Mtungi hauzimiki papo hapo. Ulikuwa mchana na mashine bado ilikuwa inakwenda, ingawa nafasi kati ya fuu na fuu zilianza kurefuka. Aliomba mlango wa mbele ufunguliwe na usifungwe. Habari zilikuwa zimeshafika, Ikupa alizipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, na alieleza yote, hata kile kikombe cha dawa. Watu wakaanza kuingia. Mama wa kwaya alikuja akasimama mbele ya Bibi Atuganile, na Bibi akampa sahani. Lwitiko alifika kutoka Busyango na chupa ya chai ya moto, akaiweka mezani kwa uso wake ule ule. Nyumba ilijaa. Mzee aliwasalimia kwa majina, mmoja mmoja, bila kuwaona vizuri.

Mashine ilipoanza kusita alijitoa mpira puani kwa mkono wake.

"Afadhali niiache mimi," alimwambia mkewe, "kuliko iniache yenyewe."

Bibi Atuganile alimshika mkono, akampandisha kwenye mito, akawa anahesabu pumzi pamoja naye kwa sauti ndogo, kama anavyofundishwa mtoto. Nilitoka nje. Nilikuwa na masizi ya kubandua.

Mzee Nsajigwa aliishi siku nyingi kuliko nilivyotegemea, na chache kuliko mbegu ilivyohitaji. Nilikwenda kwenye mazishi, nikakaa nyuma. Hakuna aliyenisema vibaya. Ningependa mtu aniseme.

*

Mbegu ilikomaa kwa wakati wake. Kufikia hapo kata nzima ilikuwa inawaka, zahanati pia, na chanjo mpya zilikuwa zimeletwa. Watu walirudi kuchukua masizi kwa Bibi Atuganile, na makopo yalikuwa yanakwenda na masizi tu. Juu yake aliweka ndizi mbivu, moja, imefungwa kwenye jani. Niliipima, mazoea ya kazi. Ndizi haina neno.

Nilipofika kuwasha mitungi yake mitatu alikuwa uani anachekecha. Alinikaribisha, nikala, tukaongea habari za mvua. Nyaya zilikuwa safi. Tope lilinuka zizi na udongo. Taa za nyumba ziliwaka mara moja, lakini taa ni mzigo mdogo, na kanuni inataka mtungi ujaribiwe kwa mzigo wake mkubwa kabla haujaandikwa kuwa mzima. Mzigo mkubwa wa nyumba ile ulikuwa mmoja.

"Bibi, itabidi niingie chumbani."

"Ingia."

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mashine ilikuwa mahali pake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mpira umeviringishwa vizuri juu yake. Nilikitoa kitambaa, nikaunganisha, nikabonyeza.

Fuu, ikatulia. Fuu, ikatulia.

Mkondo ulikuwa imara, mzuri kuliko hata zamani. Nilisoma kipimo, nikaridhika, nikanyoosha mkono kuizima, maana mashine ikikwenda bila mtu ni umeme unaopotea bure. Bibi Atuganile alikuwa ameingia nyuma yangu bila mimi kumsikia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake myeusi mapajani, akiitazama.

"Iache kidogo," alisema.

Nikaondoa mkono kwenye swichi.